Treni Ndogo ya Kabalo: Namna ya Kuchagua na Kutumia Programu ya Kuchora Reli



Tangu likizo ya Pasaka kuna neno linalotembea katika uwanja wa masomo: "Kapita alikula pesa ya tripleksi." Wengine wanalisema kwa kucheka, wengine hawacheki hata kidogo. Kila mwanafunzi wa klabu ya ufundi alitoa franka zake, tukanunua tripleksi moja ya metre 2,44 kwa metre 1,22, na leo ile tripleksi imelala nyuma ya jiko, iko na tundu kubwa katikati. Tena tumeomba pesa ya tripleksi ya pili. Muko na haki ya kuuliza. Pesa haikuliwa. Tripleksi iliharibika kwa neno langu mimi, sababu ni mimi niliyesema "Kateni!" na wadogo wakakata.

Lakini sitaki kuungama tu, kiisha nikae kimya. Nataka kuandika ile tuliyojifunza nyuma ya kosa, sababu sisi wafinalisti tutaondoka, na kazi itabaki ku mikono ya mwaka wa tano.

Kazi yenyewe

Kwa wale wasiojua: mwalimu mmoja mmisionari, alipokuwa anarudi kwao Marekani, alituachia sanduku la treni ndogo ya umeme. Ndani mulikuwa mashini moja, mavagoni saba, na vipande vingi vya reli vya kampuni Atlas. Huko Marekani na Ulaya, hii si mchezo wa watoto peke yao. Watu wazima wanajenga gare, madaraja na milima juu ya meza, wanaendesha treni kwa saa kama reli ya kweli, na wanaandika vitabu juu yake. Mmarekani mmoja, John Armstrong, aliandika mwaka 1963 kitabu kizima juu ya namna ya kupanga njia za treni ndogo ili zifanye kazi kama za kweli, na watu wangali wanakitumia.

Sisi tulichagua kujenga gare ya Kabalo, sababu pale njia tatu zinakutana. Moja inatoka Kalemie, moja inatoka Kindu kupitia Kongolo, ya tatu inatoka Kamina. Hii ya tatu ilikuja nyuma, ilimalizika mwaka 1956. Mbele ya hapo reli za Maziwa Makubwa, za kampuni CFL, zilikuwa na upana wa metre moja, na reli za Katanga zilikuwa na milimetre 1067. Vagoni ya upande mmoja haikuweza kutembea upande wa pili. Mwaka 1955 reli za CFL zilipanuliwa kufika 1067, na kiisha njia zikaungana. Milimetre 67 tu, upana wa vidole vitatu ama vine, na kumbe zilitosha kutenga nchi mbili za reli. Kumbukeni hesabu hiyo, tutairudilia.

Kosa lilianzia wapi

Nilichora gare yetu mu kaye, kwa biki, jioni moja. Ilikuwa nzuri. Njia kubwa ilizunguka meza yote, na katikati niliweka njia ine za pembeni, moja kando ya ingine, kwa kupanga mavagoni. Karibu nazo nilichora mto Lualaba. Tulikubaliana kukata tripleksi pale pa mto, ili maji yaonekane chini kama mto wa kweli.

Tulikata mto kwanza. Kiisha tukaanza kupanga vipande vya reli juu ya ubao, na njia ya ine ikaangukia ndani ya Lualaba.

Kwa nini? Sikilizeni vizuri, sababu hapa njo somo lote liko. Treni inageuka kutoka njia moja kwenda ingine kwa njia panda ya reli, yaani kile kipande chenye ulimi wa chuma unaosogea, treni iende kuume ama kushoto. Mkono wa mutu mwenye biki unachora njia panda fupi kila mara. Mimi nilichora njia mbili zenye nafasi ya santimetre 6 kati yao, na nilizipa santimetre 12 tu za kuachana. Mwalimu wa jiometri alipima na raportere yake, akapata pembe karibu ya digri 27. Njia panda zilizo mu sanduku letu ziko na pembe ya digri 12 na nusu. Kwa pembe ile, ili njia mbili ziachane kwa santimetre 6, reli inapaswa kwenda mbele santimetre 27. Fanyeni wenyewe: 6 gawanya kwa tanjenti ya digri 12,5.

Basi ku kila njia nilikosa santimetre 15. Njia ine ziko na nafasi tatu kati yao: 15 mara 3, ni santimetre 45. Ile njia ya mwisho, niliyoahidi kuwa na metre nzima, ilibaki na santimetre 55. Mashini yetu iko na santimetre 24, na kila vagoni pamoja na kifungio chake inakula 17. Mu metre moja tungeweka mashini na mavagoni mane. Mu santimetre 55 inaingia mashini na vagoni moja. Gare gani inapokea vagoni moja? Tulipojaribu kusogeza zote upande wa mbele ili kupata ile nafasi, tulifika penye tundu.

Wala si umaskini ulioleta kosa hili. Hata mwenye pesa na mbao nyingi anaanguka pale pale kama anachora kwa macho. Ni hapo mwalimu wetu wa informatiki alisema, "Muko na ordinatere mbili mu chumba kile, na munachora kwa biki?"

Kuchagua programu

Musifikiri treni ndogo na ordinatere hazijuani. Katika chuo kikuu cha MIT, huko Massachusetts, klabu ya treni ndogo ilianzishwa mwaka 1946. Wanafunzi waliokuwa wanafunga nyaya chini ya meza ile, usiku kucha, baadhi yao njo walikuwa kati ya watu wa kwanza kuandika programu kwa ordinatere za chuo kile, mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Njia ya reli yenye njia panda nyingi, ya kwenda ama kutokwenda, ni kama kichwa cha ordinatere kilicholala juu ya meza.

Programu za kuchora reli ziko nyingi. Mwalimu alituletea habari za tatu ambazo mutu asiye na pesa anaweza kuzijaribu. Ya kwanza inaitwa AnyRail. Ni rahisi kujifunza, unavuta kipande, unakiacha karibu na kingine, vinashikana. Inataka ordinatere ya Windows, na ile ya bure inakubali vipande 50 tu vya reli. Ya pili ni SCARM, ilitengenezwa na Mbulgaria. Nayo ni ya Windows, inaonyesha meza yako kama umesimama kando yake, na milima na madaraja, ile ya bure inafika vipande 100. Ya tatu ni XTrackCAD. Hii ni ya bure yote, haina mpaka wa vipande, tena inatembea ku Windows, ku Mac na ku Linux. Uzito wake ni wa kujifunza. Siku ya kwanza inakuonyesha vitufe vingi sana, na wewe hujui kinachofanya kazi gani.

Sasa, wengi wakisikia hivi wanauliza, "Ni ipi inapita zingine?" Swali hilo halina jibu. Uliza kwanza ordinatere yako ni gani. Moja ya zetu, ile ya Windows, inatumiwa na sekretari kwa pointi za wanafunzi, na hakuna kapita anayeweza kumtoa pale mwezi wa mitihani. Ya pili ni ya zamani, iko na Linux. Kiisha hesabu vipande vyako. Sisi tulihesabu 63 kwa mpango wetu. AnyRail ya bure ilianguka palepale. SCARM ingetosha, lakini iko upande wa sekretari. Ilibaki XTrackCAD, na si kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko zote machoni petu. Ilikuwa ile tuliyoweza kufungua kila siku saa kumi, bila kuomba ruhusa.

Kuna swali la tatu ambalo mimi naliona kubwa kupita hayo mawili: je, programu inajua reli yako, kwa jina la kampuni na kwa namba yake? Reli za kampuni mbili hazilingani. Angalieni mfano huu. Njia panda yetu ya Atlas, ya aina ya Custom-Line, imeandikwa namba 4. Namba ile inataka kusema: ukienda mbele hatua 4, umeachana na njia ya kwanza hatua 1. Lakini ukiipima, si 4 kweli, ni 4 na nusu. Mutu anayechora kwa kufuata jina atakosa. Programu iliyo na Atlas ndani yake inachora 4 na nusu, sababu walipima chuma chenyewe. Zote tatu ziko na Atlas ndani. Mwenye reli za kampuni isiyojulikana afadhali apime kila kipande, kabla ya kufurahi juu ya programu yoyote.

Mwalimu aliichukua mjini ku kle ya USB. Maneno ya programu ni ya Kiingereza, basi tuliandika tafsiri ya yale tunayotumia ku karatasi moja, tukaibandika ukutani kando ya kioo. Maneno kumi na mawili yalitosha.

Hesabu ya 1067

Programu inapofunguliwa inauliza kipimo, yaani ulipunguza treni ya kweli mara ngapi. Ku sanduku letu imeandikwa HO, maana yake 1:87. Reli yake iko na upana wa milimetre 16,5, sababu reli ya Marekani na Ulaya ni 1435, na 1435 ukigawanya kwa 87 unapata 16,5. Tukaandika HO, tukaona tumemaliza.

Ni kijana mmoja wa mwaka wa tatu, mwembamba, asiyesema sana, aliyeinua mkono: "Kapita, lakini reli ya kwetu si 1435."

Nilikuwa nataka kumwambia akae. Nashukuru sikusema. Alikuwa amefanya hesabu mu kaye yake. Kama tunatumia reli hii kwa 1:87, treni yetu ni ya Marekani, ku njia pana kuliko ya Kongo. Lakini ukigawanya 1067 kwa 64, unapata 16,67. Karibu sawasawa na 16,5! Ile reli ya Atlas, ukijenga nyumba, watu na mavagoni kwa kipimo 1:64, inakuwa reli ya Kabalo. Mwalimu alituambia baadaye kwamba wapenzi wa treni ndogo wa New Zealand na wa Queensland, ambako reli ya kweli ni 1067 kama yetu, wanafanya vile vile tangu zamani.

Basi tulibadilisha mpango wote. Magurudumu ya sanduku yatabaki, lakini miili ya mavagoni tutaitengeneza sisi wenyewe kwa karatasi ngumu, kwa 1:64. Vagoni ya kweli ya metre 10 inakuwa santimetre 15 na nusu. Ni kwa sababu hiyo niliandika santimetre 6 kati ya njia mbili. Watu wa HO wanatumia 5, lakini vagoni zetu ni nene zaidi, zingesuguana.

Kutumia

Kabla ya kuchora reli hata moja, chora meza. Na kabla ya kuchora meza, nyosha mkono. Sisi tulipima wanafunzi watano: wote hawakupita santimetre 75 bila kulala juu ya ubao. Tripleksi iko na upana wa santimetre 122. Ukiisukuma ku ukuta, treni ikianguka kule nyuma, nani ataiokota? Katika mpango wa kwanza meza ilikuwa ku ukuta. Katika mpango mpya iko mbali na ukuta, mutu anapita pande zote mbili. Hii programu haikuuliza. Ordinatere haina mkono.

Halafu unaiambia kona ndogo unayokubali. Kona inapimwa kwa rayoni, urefu toka katikati ya duara mpaka ku reli. Kona za sanduku letu ziko na rayoni ya inchi 18, yaani milimetre 457, na vipande 12 vinafanya duara nzima. Duara hiyo inakula santimetre 91 na nusu za upana, na ubao unabaki na santimetre 15 kila upande. Wengine walitaka kununua kona za inchi 22 ili treni igeuke kwa upole. Ni kweli zinapendeza. Lakini zinakula santimetre 112, zinabaki 5 kila upande, na vagoni ya 1:64 ikianguka pale inafika chini ku sima. Tulibaki na 18. Ukiandika namba ile mu programu, kiisha ukachora kona kali zaidi kwa reli ya kupinda, programu inakuonya.

Kiisha weka njia panda kwanza, zote, mbele ya reli zingine. Mimi nilianza na duara kubwa kama mu kaye, na mara mbili tulifuta kazi ya siku nzima. Njia panda ni kama mlango wa nyumba, huwezi kuikata mahali popote. Zikikaa vizuri, reli zingine zinazifuata, hasa zile za kupinda. Unapotoka kona ya kuume kuingia kona ya kushoto, weka kati yao reli iliyonyooka, isiyopungua urefu wa vagoni yako ndefu. Bila hiyo, kifungio cha vagoni ya mbele kinavutwa kuume na cha nyuma kushoto, na gurudumu linapanda reli.

Urefu wa njia ya pembeni usiupime kutoka ulimi wa njia panda. Upime kutoka pale ambapo vagoni iliyosimama haigusi treni inayopita. Sisi tulipoteza tena santimetre nyingi kwa kusahau hilo, lakini safari hii zilipotea ku kioo, si ku ubao. Tukafuta, tukachora upya. Mpango wa sasa ni wa sita. Njia za pembeni ni tatu, si ine, na ndefu ya zote inachukua mashini na mavagoni mane. Lualaba imesogea upande wa mwisho wa meza, tena imekuwa nyembamba kidogo. Watu wa Kabalo watusamehe.

Juu ya daraja

Hapa palikuwa na ugomvi wa wiki mbili. Kundi moja, na mwalimu mmoja ndani yake, walitaka njia ya Kamina ipande juu ya njia ya Kalemie kwa daraja. Nani hapendi treni juu ya daraja? Programu inakuruhusu kuandika urefu wa kila mahali toka ku ubao, kiisha inakuambia mlima ni mkali namna gani. Tuliandika santimetre 9, maana treni ya chini, ya 1:64, inataka kama 7, na daraja lenyewe linakula 2.

Mlima mzuri kwa mashini ndogo ni santimetre 2 za kupanda ku kila metre. Basi kupanda 9 kunataka metre 4 na nusu, na kushuka metre 4 na nusu, jumla 9. Mzunguko wetu wote ni metre 5 na nusu. Wakasema, "Tuweke mlima wa 4!" Vizuri: metre 2 na robo kupanda, 2 na robo kushuka, jumla 4 na nusu. Inabaki metre moja ya kuweka gare, njia panda na kila kitu kingine. Tena tulijaribu kwa kuinua ubao mmoja ku vitabu, mashini ikapanda mlima ule na mavagoni mawili, ya tatu ikaizuia, magurudumu yakazunguka mahali pamoja. Daraja lilikufa pale, na mwalimu wetu alicheka wa kwanza.

Ile programu haisemi

Wapo wanaofikiri ordinatere ikikubali, kazi ni nzuri. Hapana. Mambo mawili yalituonyesha.

Tulichora njia tatu za Kabalo zikikutana kama pembetatu, ili treni ya Kalemie iende Kongolo ama Kamina bila kurudi nyuma. Kioo kilikubali bila neno. Lakini treni yetu inakula umeme ku reli mbili, ya kuume na ya kushoto. Fuata kwa kidole reli ya kuume kuzunguka pembetatu: unarudi ukiwa ku ya kushoto! Umeme wa pande mbili unakutana, na kisanduku cha umeme kinazima, ama kinaungua. Treni za Märklin za Ujerumani hazina shida hii, sababu reli zao mbili ni za upande mmoja wa umeme, na wa pili unapita katikati. Kwa sisi dawa ni kukata reli zote mbili mahali pawili, kutenga kipande kile, na kuweka kitufe cha kugeuza umeme wakati treni iko ndani yake. Kipande hicho kinapaswa kuwa kirefu kuliko treni yote. Chetu kilikuwa kifupi. Tuliacha pembetatu, treni inageuka kama kwa kweli mara nyingi: mashini inaachwa, inazunguka, inafungwa upande wa pili.

Jambo la pili: programu inaweza kuendesha treni ndogo ku kioo, na ni kazi nzuri sana. Ile treni ilisimama ghafula mahali ambapo macho yetu wote yaliona reli zimeungana. Tulipokuza picha, tukaona hazikugusana. Lakini treni ile ya kioo haijui mavagoni yetu ya karatasi ngumu. Tulikata vagoni moja ya mfano, tukaisukuma kwa mkono ku kona, na pembe yake ikatoka nje kupita tulivyofikiri. Njia mbili ku kona tulizitenga kwa santimetre 7 na nusu.

Na neno dogo la Kongo: hifadhi kazi yako kila dakika kumi. Umeme ukikatika, programu haikulilii. Mpango wa tatu ulipotea wote hivyo, siku ya mvua kubwa, na sikulala vizuri.

Kabla ya msumeno

XTrackCAD inaweza kuchapisha mpango kwa ukubwa wake wa kweli, kipande kwa kipande, ku karatasi za kawaida. Wetu ulichukua karatasi nyingi, na Bwana Prefe alitukubalia zile zilizoandikwa upande mmoja. Tulizibandika kwa ubugali, tukazitandika chini ku salle ya maombi, tukaweka reli za kweli juu yake, njia panda juu ya njia panda. Zililala juu ya mistari yao. Mahali pamoja tu palikosa milimetre 3, na kumbe ni karatasi iliyobandikwa vibaya.

Tripleksi ya pili ilinunuliwa siku ya tano. Risiti iko kwa mwalimu wa informatiki, pamoja na ya kwanza, na kila aliyetoa pesa anaweza kuiomba na kuisoma. Tripleksi ya nyuma ya jiko haitatupwa: pande zake mbili bado ziko nzima, tutazikata miguu ya meza na kuta za gare.

Mpango wa sita umebandikwa ku mlango wa chumba cha informatiki mpaka siku ya sita, saa nane. Atakayeona kosa aandike pale pale kwa krayo, na jina lake kando. Mpaka leo asubuhi palikuwa na maandiko matatu. Mawili ni ya kucheka. La tatu linasema kwamba mlango wa gari la mizigo utagusa mti wa mwembe uliochorwa kando ya njia ya pili. Nilipima. Ni kweli, na mwembe umesogezwa.